Papa Kabwe Aliyekunywa Mafuta Kuondoa Kutu

Siku hizi, jua linapokuwa kali na watoto wamekwenda shule, nakaa barazani na macho yanafumba yenyewe. Hapo ndipo nasikia garimoshi. Linakuja kutoka upande wa Kaniama, polepole, na mimi nataka kuinuka nichukue mkoba wangu, maana kila lilipoingia garimoshi dispansari yetu ilijaa watu. Nikifumbua macho hakuna kitu. Ni pikipiki inapita na magunia ya mahindi. Nacheka peke yangu, nalala tena.

Ninyi wanangu mnaosomea uuguzi hapa Kamina mmekuja mara nyingi kuniuliza habari za kazi. Najua mnachotaka. Mnataka vita, askari, majeruhi waliolazwa chini. Hayo niliyaona, na mengine ninayaona mpaka leo bila kuyaita. Lakini mkiniuliza ni mgonjwa gani aliyenifundisha kazi, sitawatajia mwenye risasi. Nitawatajia mtu mmoja mnene aliyekunywa mafuta.

Wakati ule nchi ilikuwa bado Zaire, na mimi nilikuwa muuguzi wa dispansari ya watu wa reli. Walikuja na malaria, na kuhara, na vidole vilivyobanwa kati ya mabehewa. Hakuna aliyekuja kusema, "Nimenenepa, nisaidie." Mngecheka. Ukikutana na mtu njiani ukamwambia amenona, ulikuwa umemsalimu vizuri, na yeye alikushukuru. Mtu mwembamba ndiye aliyetazamwa kwa jicho la pembeni, hasa miaka ile ambayo sida, yaani ukimwi, ilikuwa imeanza kuchukua vijana wetu. Mwembamba alikuwa na sida, au na njaa, au na mke mbaya.

Papa Kabwe hakuwa na hata kimoja katika hivyo vitatu. Alikuwa mashinisti, mwendesha garimoshi, mtu mpana mwenye sauti laini kama ya mtoto wa kwaya. Alipopanda ngazi ya injini yake, vijana wa depo walijifanya wanaishika injini isipinduke. Walimwambia siku akifa watahitaji behewa na winchi kumfikisha makaburini. Yeye alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawapa samaki wa Kisale waliokaushwa, maana kila alipopita huko kwenye maziwa hakurudi mikono mitupu.

Mkewe aliitwa Mama Feza. Mnajua desturi yetu, mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Feza lilikuwa jina lake mwenyewe. Hawakujaliwa mtoto, na ndugu za mumewe kule Kabondo-Dianda walikuwa wamekwisha kumchoka, wakingojea tu sababu ya kumrudisha kwao. Sababu hawakuipata, kwa kuwa kila walipokuja kumtembelea ndugu yao walimkuta anang'aa. Utamfukuzaje mwanamke anayelisha hivi? Tumbo la mume wake ndilo lililokuwa cheti chake cha ndoa, na alilitunza.

Alilitunza kwa mafuta meupe. Ninyi mnanunua mafuta ya chupa dukani, hamjui. Sisi tulikuwa na mafuta ya ngazi, mawese mekundu yanayotoka kwenye michikichi, lakini mekundu tuliyaona ya kishamba. Mtu wa kampi ya reli alitaka mafuta meupe kama ya wazungu. Basi mwanamke aliyatia mekundu ndani ya sufuria nzito, akafunika, akachochea moto mpaka yatoe moshi, akaendelea mpaka wekundu wote ufe. Ukifunua mapema yanabaki na rangi ya kutu. Ukichelewa yanawaka na nyumba. Mama Feza hakukosea hata mara moja. Asubuhi ya Jumamosi moshi wake ulitambaa juu ya paa za kampi nzima, mtamu na mchungu, na wanawake wengine waliuvuta kwa pua wakijua kwamba leo Kabwe atakula. Mpaka leo harufu ile ikinipitia ndotoni naamka na njaa.

Ngoja niwaambie kwanza kitu cha kazi, nisije nikakisahau. Mtu mnene akija umpime presha, tazama mkono wake kabla ya kutazama mashine. Kitambaa kidogo kwenye mkono mkubwa kinadanganya, kinakuonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Mimi nilimtisha Papa Kabwe bure mara ya kwanza. Dokta, mzee mmoja wa kutoka Lubumbashi aliyekuwa na sisi miaka ile, alikuja nyuma yangu akakifungua kile kitambaa bila neno, akaenda ofisini kwake, akarudi na kipana. Presha ikashuka, lakini ilibaki juu. "Sasa tumwogopee kwa haki," akasema. Ndivyo alivyofundisha, kwa kifupi na bila kukuaibisha, na ninamkumbuka kwa mapenzi.

Papa Kabwe alikuja kwa sababu ya kifua. Alisema akipanda ngazi ya injini kuna mkono unamshika hapa katikati, unambana, akisimama unamwachia. Alisema hivyo akitabasamu, kama mtu anayesimulia mzaha wa rafiki. Dokta hakutabasamu. Baadaye aliniita akanieleza kwa utaratibu, nami nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa.

Mwili unachoma chakula kama jiko linavyochoma makaa. Penye moto pana cheche. Cheche hizo mwili unazijua, na una vitu vyake vya kuzizima, ambavyo vingi tunavila katika sombe ya majani ya muhogo, lengalenga au mchicha, nyanya, mapera. Mtu akibeba mafuta mengi tumboni, mafuta yale hayakai kimya kama mzigo ndani ya behewa. Yenyewe yanatoa cheche mchana na usiku, mpaka vizimaji vinashindwa. Hapo mafuta yanayopita katika damu yanachacha, sawasawa na mafuta yaliyosahaulika juani. Ukuta wa mshipa unayanasa, unavimba, unanenepa kwa ndani, na njia ya damu inakuwa nyembamba. Siku moja inaziba. Ikiwa ni mshipa wa moyo, mtu anaanguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo walivyotufundisha shuleni, lakini ukuta wa mshipa hauna fundi wa kuujenga upya.

Dokta akafikiri jinsi ya kumwambia mtu wa reli. Akapata. "Mwambie mishipa yake inashika kutu," akaniagiza. Tulifurahi wote wawili, tukaona tumepata mfano mzuri kabisa. Nilimwambia Papa Kabwe hivyo, naye uso ukamtulia. Akasema wafwako, asante ya Kiluba, akaenda zake anapiga mluzi. Sikuwahi kuona mgonjwa anayepokea habari mbaya kwa amani vile.

Aliporudi alikuwa ameongezeka. Mkono wa kifuani ulikuwa unamshika hata akifunga viatu. Nikamuuliza amekula nini, naye akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye niliyechelewa kuelewa.

"Mama, minyi niko muntu ya reli," akasema. "Kutu inatokaka na mafuta. Kila asubui nakunywa kikombo."

Wanangu, kikombe kizima cha mafuta meupe, kabla ya chai. Maisha yake yote alikuwa amelainisha vyuma kwa grisi na mafuta. Angefanya nini kingine? Na hakuwa mchoyo. Alikuwa amewaambia wenzake, na nusu ya depo ilikuwa inakunywa. Fundi wa breki alikuwa amenunua kikombe kipya kwa ajili hiyo. Dokta alipopata habari alikaa kwenye benchi la wagonjwa akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena, akasema tumwone mke.

Nilikwenda mimi. Nilimkuta uani anapepeta mahindi. Nilimwambia mambo yote bila kutaja kutu: kwamba mumewe akiendelea hivi atafia juu ya injini, na watu nyuma yake ndani ya mabehewa, kwamba dawa kubwa ni kupunguza lile tumbo, kutembea, kuacha mafuta yaliyochomwa, kula samaki wa kuchemsha na mboga nyingi na kijiko tu cha mafuta mekundu. Alisikiliza huku ungo unakwenda mikononi mwake, pwa, pwa, makapi yanaruka kwenye mwanga. Alipomaliza aliweka ungo chini.

"Weye unaniomba nikondeshe bwana yangu mu hii miaka ya sida," akasema. "Bantu batasema nini? Bandugu yake batasema nini?"

Nilijua anachohatarisha. Mume akikonda, yeye anarudishwa kwao mikono mitupu, mwanamke wa makamo asiye na mtoto. Mume asipokonda, anamzika. Nilirudi dispansari nikatembea kando ya reli, na nakumbuka nilimchukia yule aliyepanga dunia hivi kwamba mwanamke achague kati ya vitu viwili vya namna ile.

Hapo katikati ikaja vita, ile ya pili. Ya kwanza ilikuwa imepita kama mvua kubwa, tukalala Zaire tukaamka Kongo. Ya pili ilikaa. Magarimoshi ya abiria yakaadimika, yakapita ya askari, siku ambazo hakuna aliyezijua. Mashinisti waliitwa wakati wowote. Papa Kabwe aliondoka akakaa, tukasikia reli imekatwa mbele, tukasikia haikukatwa. Mama Feza alisimama stesheni kila siku na kikwembe chake, yaani kitenge, kimefungwa kifuani, akitazama mahali reli mbili zinapokutana kwa macho.

Alirudi mchana, siku ya jua jeupe. Injini ilisimama vizuri kabisa, akazima kila kitu kama inavyotakiwa, akashuka ngazi, akaketi chini kwenye saruji. Nilipomfikia alikuwa na rangi ya majivu, jasho linamtiririka, ngumi imekaa kifuani. Sikuwa na mashine wala dawa ya maana. Nilimpa aspirini aitafune, nikamlegeza vifungo, nikamshika mkono. Hili liandikeni: mgonjwa wa namna hii mkalishe, usimtembeze, atafune aspirini kama haimdhuru, na usimwache peke yake. Mengine ya hospitali kubwa mtayakuta kama mnayo.

Nikiwa pale nikaona Mama Feza anakuja mbio, na bakuli kichwani. Alikuwa amesikia garimoshi limeingia, akaleta chakula, kama siku zote. Samaki wanaogelea katika mafuta meupe, na bukari, ugali wetu, ya moto. Alimwona mume wake. Alitazama bakuli, akamtazama tena, na mimi niliona kitu kinaondoka usoni mwake kisirudi. Aliliweka bakuli chini mbali naye, akaja akaketi nyuma yake, akamwegemeza kifuani pake. Watatu tulikaa hivyo, na askari walitupita na buti zao.

Hakufa. Alilala dispansari, mkono wa kifuani ukamwachia kidogo kidogo. Jumamosi iliyofuata nilitoka nje nikaona mbingu ya kampi ni safi. Hakuna moshi. Nilipita kwao nikakuta ile sufuria nzito imepinduliwa uani, kitako juu, na kuku amelala juu yake.

Kisha wakaanza kutembea. Hii ndiyo inayonirudia barazani zaidi ya yote. Asubuhi, ukungu umelala juu ya reli, hakuna garimoshi, majani yameota kati ya mataruma, na wao wawili wanatoka stesheni kwenda upande wa daraja. Mama Feza alikuwa amekata kikwembe kimoja akashona shati la mume na nguo yake, kama watu wanaokwenda harusini. Mwanzo walifika kwenye nguzo ya kwanza wakapumzika. Baadaye waliingia ndani ya ukungu, rangi zao zikapotea, ukasikia tu sauti ya Papa Kabwe anaimba wimbo wa kanisa, na kokoto chini ya miguu. Nilichelewa kazini mara nyingi kwa kuwatazama.

Dokta alikuwa anajiandaa kurudi kwao. Alinifundisha jambo moja la mwisho, na hili halihitaji umeme wala betri. Chukua kamba, mpime mtu urefu wake kutoka unyayo hadi utosi, ukate. Ikunje katikati, umzungushe kiunoni. Ikifika, vizuri. Isipofika, tumbo limezidi, mishipa iko hatarini, hata kama mizani yako imeibiwa na askari. Kamba ya Papa Kabwe tuliining'iniza kwenye msumari mlangoni. Siku ya kwanza ncha zake zilikuwa mbali kiasi kwamba yeye mwenyewe aliuliza kama kweli ni ya kwake. Dokta alinipa mkono, akaniachia kile kitambaa kipana cha presha. "Na usimwambie tena mtu wa reli habari za kutu," akasema. Sikumwona tena.

Papa Kabwe alipungua. Shavu likaingia, shati la kikwembe likaanza kupepea. Na maneno yakaanza, kama Mama Feza alivyojua. Ana sida. Hapana, ni mke, amemloga. Kisimani wanawake walinyamaza akifika. Wauza mafuta walimtania wakimuuliza kama siku hizi anapika kwa maji ya mvua. Yeye alipita zake. Mwisho wakaja ndugu kutoka Kabondo-Dianda, wamejaa vumbi la barabara mbaya, wakiongozwa na kaka mkubwa wa mumewe. Walikataa chakula chake, wakaita kikao, nami niliitwa nieleze kama muuguzi. Nilieleza cheche, nikaeleza mafuta yanayochacha. Kaka mkubwa alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema ndugu yake alikuwa mtu na sasa ni fimbo.

Papa Kabwe alitaka kusema, mkewe akamgusa goti.

"Hana sida," akasema Mama Feza. "Njo minyi namukondesha. Kama munatafuta mulozi, minyi niko hapa."

Hakuna aliyetarajia mwanamke ajitaje mchawi kwa mdomo wake. Waliondoka bila kula na bila kumfukuza. Yeye alisafisha vyombo, na kesho yake asubuhi nikawaona tena wanaingia kwenye ukungu.

Vita ikaendelea, ikatukondesha wote. Wakimbizi walikuja kutoka kaskazini na vifurushi vyao, unga ukawa shida, na hakuna aliyekumbuka tena kumnyooshea Kabwe kidole, kwa kuwa kampi nzima ilikuwa inapepea ndani ya nguo zake. Siku moja alikuja dispansari, akatoa kamba kwenye msumari, akaikunja mwenyewe, akazungusha. Ncha zikagusana. Alinyoosha mikono juu kama mtoto anayevuliwa shati, akabaki hivyo, akitabasamu, na mimi nililia.

Msidhani ninawaambia njaa ni dawa. Njaa iliua wengi niliowapenda. Wala msidhani kuna kidonge. Baadaye tulisikia sana habari za vidonge vya vitamini vya kuzima cheche, watu wakavitumaini, lakini havikuwaokoa wenye moyo kama tulivyotarajia. Sombe inashinda kidonge, na miguu inashinda yote. Tena mgonjwa haponi peke yake. Uliza nani anampikia, na huyo mpishi anaogopa nini. Swali hilo hamtalikuta ukutani pa darasa.

Amani iliporudi Papa Kabwe alipewa kazi ya kupanga mabehewa stesheni, akaifanya mpaka alipostaafu. Mkono wa kifuani ulimtembelea mara chache, kwa adabu. Alizeeka, kichwa kikawa cheupe, na homa ya mvua ndiyo iliyomchukua, kitandani kwake, mkewe amemshika.

Tulimzika asubuhi. Wale vijana wa depo waliomtania habari za winchi walikuwa wazee sasa; watatu wao walimbeba pamoja na kaka mkubwa wa marehemu, wanne tu, bila kuhema. Tulipofika kwenye kivuko cha reli kaka huyo alisema kwa sauti, watu wote wasikie, "Ona vile ndugu yetu iko mwepesi. Huyu mwanamuke alimukausha."

Mama Feza alikuwa nyuma ya jeneza, amevaa kile kikwembe cha kutembelea, kimepauka. Alisimama.

"Shemeji," akasema, "kama ningemuachaka na ule uzito, mungemubeba zamani. Nilipenda niishi na muntu mwembamba, kuliko nizike muntu munene."

Kaka mkubwa alikuwa na mvi, na alikuwa ameishi kumwona ndugu yake akizeeka. Alishusha bega, akamwita mwingine ashike mahali pake, akarudi nyuma kwa Mama Feza, akatembea kando yake juu ya kokoto mpaka tulipofika.